Jozi Sita za Kumwaibisha Mutuma

Jumatatu. Kanyakine imeamka na manyunyu ya baridi, ile inaingia kwa mifupa bila kubisha hodi. Sijafungua kibanda. Viatu vya mitumba haviendi mahali, na leo sitaki kuonana na watu.

Shajara yangu, wewe unajua mimi ni mtu wa vicheko. Hata nikiumwa na jino nachekesha daktari. Lakini kwa wiki tano nimebeba kitu kwa roho, na hicho kitu kinaitwa Mutuma.

Wacha nianze na kodiani ndio unielewe.

Hii kodiani yangu ni ndogo, ukiipakata inakaa kama kuku amelalia mayai. Ni ya zamani kuniliko. Padri mzungu mwenye baba yangu alikuwa anampikia alituachia akirudi kwao. Kodiani zingine, ukifinya kifungo kimoja cha mkono wa kushoto zinatoa sauti tatu kwa pamoja, pum, pum, kama mtu anasonga ugali. Yangu hapana. Kila kifungo cha kushoto kina sauti yake moja. Kwa hivyo mkono wa kulia unaimba na wa kushoto unajibu, kama bibi na bwana wakibishana jikoni. Mtu akiwa nje ya kibanda anafikiria tuko wawili.

Hiyo sauti ndio imeniuzia viatu miaka ishirini. Watu wanakuja kusikiliza, wanaenda na viatu. Wakiwa na harusi wananiita. Uliza Koome wa kodiani popote hapa Imenti, utaonyeshwa. Sina shamba ya maana, na shule niliiaga mapema. Niko na hilo jina tu.

Sasa Mutuma. Yeye anapiga kinanda cha umeme kanisani, na kodiani nilimfundisha mimi mwenyewe. Alipata msichana huko Kiritiri, Mbeere, anaitwa Marigu. Akaniomba kodiani aende nayo mara ya kwanza kujionyesha kwa wakwe. Nikampa. Nikamwambia kitu moja: "Isipigwe na jua." Kwa sababu huko ndani kila sauti ni kichuma chembamba, tunaita ulimi, na hizo ndimi zimeshikiliwa kwa mbao na nta ya nyuki. Hapa kwetu kwa baridi nta inakaa miaka. Kule Mbeere jua linakaanga yai juu ya mabati.

Alipiga nyimbo mbili, cucu wa msichana, yaani nyanya yake, akafurahi mpaka akasimama na fimbo akacheza. Halafu Mutuma akaifungia kodiani kwa buti ya gari kutoka saa sita mpaka jioni.

Ilirudi kwa gunia. Aliitupa nyuma ya kibanda changu kama paka amekufa, akaenda. Nikiitikisa, ndimi zilikuwa zinalia ndani kama sarafu kwa mkebe wa sadaka.

Nilingoja aje aseme pole. Alikuja siku ya soko, watu wamejaa, akapaza sauti: "Koome aliniazima sanduku ya mchwa! Imeoza ndani!"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, meno yote nje.

Ndani nilikuwa nanoa panga.

Nikaingia kazi ya kuitengeneza. Nilinunua nta safi kwa mama mmoja wa Tharaka, nikaiyeyusha kwa kikopo juu ya jiko, nikaongeza utomvu kidogo wa mti wa paini ndio isiwe laini sana. Ile nta ya zamani nikaikwangua na kisu. Vingozi vidogo vyenye hufunika ndimi vilikuwa vimejikunja, nikakata vingine kutoka kwa glavu ya mitumba ya wanawake. Mapafu yake, ile sehemu ya mikunjo yenye huvuta hewa, yalikuwa na tundu kwa kona. Nikabandika kitambaa. Unaweka ulimi mmoja, unapuliza, unasikiliza, unauchomoa tena kwa sababu umelalia upande, unarudisha. Hiyo kazi ni tamu, usinione hivi. Unasahau chai mpaka inashika ngozi juu. Karibu nimsahau hata Mutuma.

Nilikuwa nimebakisha upande wa kushoto wakati alikuja.

"Baite, rafiki yangu, Jumamosi tunapeleka ncoolo," akasema. Ncoolo ni kile kifurushi cha miraa kinafungwa kwa heshima. Sisi Wameru hatuendi kuuliza msichana bila hiyo. "Cucu amesema nikikuja bila hicho kinanda chako, nirudi na miraa yangu nitafune mwenyewe. Niokolee."

"Si ulisema ni sanduku ya mchwa?"

"Aaii, Koome! Huo si ulikuwa mchezo wa soko?"

Mchezo wa soko.

Nikamwambia angoje mpaka Ijumaa. Nilipoketi tena kwa meza, nikachukua ndimi za kushoto zenye zinakaribiana ukubwa nikazibadilisha nyumba. Huyu kwa jirani, jirani kwa huyu. Jozi sita. Nikamwaga nta. Ukifinya kifungo chenye unajua, kinaitika kingine. Hizo jozi niliziandika kwa karatasi nikaweka chini ya godoro, ndio baadaye nizirudishe. Upande wa kulia niliuacha ukiwa mtamu kabisa. Mke wangu Kinya alinipata nikipuliza ulimi huku nacheka peke yangu, akaniuliza kama ni moshi wa nta umenipanda kichwa.

Ijumaa Mutuma akaja kujaribu. Nikamwambia kushoto nta bado inashika, asiguse mpaka kesho. Akanishukuru. Nilimpatia kodiani na mikono miwili, kama mtu anapeana mtoto abatizwe.

Na nikajialika kwa safari. Nilisema lazima mtu ailinde na jua. Ukweli ni kwamba nilitaka kiti cha mbele. Niliipakata njia yote mpaka Kiritiri, nimeifunika na gunia yenye maji, na kila tukishuka joto likipanda nilikuwa naskia raha.

Ncoolo ilipeanwa. Wambeere wakaitania kidogo, ati muguka, hiyo miraa yao ya majani, haihitaji kuvalishwa nguo za Jumapili. Cucu akapiga fimbo chini: "Kinanda!"

Mutuma akasimama, akavuta mapafu. Mkono wa kulia ukaimba vizuri, cucu akaanza kutingisha mabega. Halafu mkono wa kushoto ukajibu.

Kama mbuzi amekanyagwa na punda.

Akarudia. Mbuzi akakanyagwa tena. Shingo ya Mutuma ikaanza kutiririka jasho, macho yamemtoka, anaangalia vidole vyake kama vya mtu mwingine. Watu walikuwa wameinama wanacheka kwa viganja. Cucu akamuuliza, "Kijana, hiyo kitu inaumwa ama ni wewe?"

Nilijiuma shavu mpaka nikaonja damu. Wiki tano nilikuwa nimengojea huo uso.

Halafu Mutuma akageuka. "Wazee, mwenyewe yuko hapa. Ndiye alinifundisha. Baite Koome, kuja utuokoe."

Watu wakapiga makofi. Wazee wakiita, kwa siku kama hiyo hukatai. Na nitasema ukweli, sikutaka kukataa. Nilikuwa nataka Mbeere yote ijue mwenye kodiani ni nani. Ningepiga mkono wa kulia peke yake nikaketi, lakini Koome wa mkono mmoja ni nani? Nilijua zile jozi, si niliziweka mimi? Nikavaa mikanda, nikavuta.

Vidole vyangu vya kushoto vina miaka ishirini kwa hivyo vifungo. Viliingia kwa njia yao ya kila siku, na kila mahali viliingia vikakuta mgeni. Nikajaribu kukumbuka: cha tatu kimeenda kwa cha nne, ama ni cha tano? Kichwa kinasema hivi, vidole vinaenda vile. Karatasi iko chini ya godoro Kanyakine.

Nilisimama katikati ya wimbo. Sijawahi kusimama katikati ya wimbo.

Cucu akatikisa kichwa. "Basi ni ukoo wa kelele. Tuendelee na mambo ya mbuzi wa mahari."

Walicheka mpaka wakapanguza machozi, na kwa hicho kicheko mambo yakalainika, Mutuma akapewa msichana bila shida. Mimi nilipanga hilo jambo limvunje uso, na yeye akatoka huko ni mkwe.

Tukirudi, karibu na Embu, akanigusa goti. "Koome, kuna kitu nilikuwa nakuficha. Ile siku niliacha kodiani kwa buti, juani. Nilishindwa kukuambia, nikaona heri nifanye mzaha. Hata usingizi nilikosa." Nikageuka. Hiyo ndiyo pole nilikuwa nangojea! Lakini hakuwa amemaliza. "Saa hii nimejua si mimi. Imekufa na uzee tu. Hata wewe mwenyewe imekushinda! Ngai, nimepata amani."

Amepata amani!

Na leo asubuhi, kabla chai iive, mama wa mboga jirani ya kibanda amenipigia simu. "Koome, nasikia mchwa walikula wimbo huko kwa wakwe?" Kumbe Mutuma amefika sokoni mapema.

Nikitaka kujitetea nitasema nini? Nikisema nilifanya makusudi, mimi ndiye nilitaka kuharibu ruracio ya mtu, siku yake ya mahari. Nikinyamaza, jina langu linabaki huko sokoni kwa mdomo wa Mutuma, na nani ataniita harusi tena?

Kodiani iko wazi kwa meza, nta iko kwa jiko. Nimerudisha jozi nne. Kila ulimi ukirudi kwake unapuliza, unaskia umetulia. Nimeiomba msamaha. Kodiani, si Mutuma. Mutuma nikikumbuka vile jasho lilimtoka, bado nacheka, siwezi kukudanganya.

Lakini nimeandika yote hapa kwa hii shajara yangu ya mtandao, ya buti na ya jozi sita. Mutuma hasomi vitu za mtandao. Marigu anasoma. Jumamosi aliniambia ati hii blogu huwa anamsomea cucu yake. Basi watajua bwana wa Marigu alipika kodiani ya mwenzake akamtupia lawama. Watajua pia mimi nilimchimbia shimo mbele yao, nikaingia na miguu yangu. Kwa Mbeere tutakuwa wajinga wawili. Kodiani haitakuwa na makosa.

Kinya anasema ningoje hasira ishuke kwanza. Ikishuka nitaogopa.

Wacha nifinye "chapisha" sasa.