Uzi wa Nta Chini ya Injini

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi, tarehe 9 Machi.

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na kwanza nijue hali yako. U mzima? Kile kifua kimetulia? Wifi hajambo, na wale wanangu wawili nisiowaona ila kwenye picha? Sisi huku tunapumua. Goti langu linalalamika nikipanda ngazi, lakini hilo ni la uzee, wala sikukuomba unitibie.

Tangu tumzike baba, miezi minne sasa, nyumba haijatulia. Usinicheke. Mchana kweupe nasikia nyundo yake ya viatu ikigonga barazani, mara tatu, kimya, mara tatu, na nikitoka nakuta kigoda kitupu. Banda la gari ndilo baya zaidi. Nikifungua mlango tu napokewa na harufu ya nta aliyokuwa akizipaka nyuzi zake, kana kwamba ametoka sasa hivi. Shangazi anasema ni majonzi. Mimi naogopa, nakwambia wazi.

Nikaona bora niliondoe lile gari. Unalikumbuka, la kijivu, taa za mviringo, mlango wa nyuma mpaka upigwe teke ndipo ufungike. Halijawashwa tangu lilipotufia mlimani miaka kumi na moja iliyopita, mama akiwa kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani pangu, hospitali tukiiona kwa macho. Baba alilikokota hadi nyumbani, akafunga banda, na ufunguo akawa analala nao. Sasa alitokea bwana mmoja mpenda magari ya zamani, akalitaka, ila kwa sharti kwamba liwake kwanza.

Fundi niliyempata tunamwita Taratibu, maana hata kupiga chafya anafikiria kwanza. Alilala chini ya injini nusu saa nzima, kisha akaniita niiname. Bolti ya kumwagia oili, ile uliyoifungua na kuifunga wewe wiki mbili kabla ya safari ile, ilitoka kwa vidole viwili, bila spana. Tundu lake halikuwa na meno hata moja.

"Dada, hii haikuachwa imelegea," akasema. "Hii imekazwa mno. Mtu anaona tone, anakaza. Kesho anaona tone, anakaza tena. Kumbe kilichokwisha ni hii washa tu, hii pete ya shaba ya kuzibia. Mwisho meno yote yanakatika."

Halafu akanionyesha kilichozungushwa kwenye ile bolti. Ulikuwa uzi mnene wa kushonea soli, umepakwa nta, na mabaki ya sabuni ya kufulia juu yake. Taratibu anasema kiraka cha namna hiyo huweza kushika gari likiwa limesimama. Injini ikipata moto mlimani, nta na sabuni vinayeyuka, oili yote inabaki barabarani, na injini inakauka na kukwama.

Nilikaa pale pale kwenye vumbi. Fundi viatu katika nyumba yetu alikuwa mmoja tu.

Na sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Mimi nilijua, mdogo wangu. Si yote, lakini nilijua. Siku moja kabla ya safari, nikiwa naanika nguo, baba aliniita. Alikuwa amelala chini ya gari, spana ubavuni, mkono ameutoa nje, akaniagiza uzi ule mnene na kipande cha sabuni. Nikampa. Sikuuliza, baba hakuwa mtu wa kuulizwa. Siku ya msiba akakunyooshea kidole mbele ya waombolezaji, akasema wewe hukukaza bolti, wewe ndiye uliyemuua mama. Ukanigeukia mimi. "Dada, nilikaza, haki ya Mungu." Nikaukumbuka ule uzi, nikainamisha kichwa. Nilimwogopa, na niliogopa kubaki bila mama wala baba kwa siku moja. Basi nikakupoteza wewe. Sina cha kujitetea.

Taratibu ameshusha lile bakuli la chuma la oili, akalipeleka kwa mkereza vyuma. Tundu limepanuliwa, likatiwa bushi, kibomba kidogo cha chuma chenye meno mapya, na bolti mpya na washa mpya. Amenifundisha kwamba haikazwi kwa hasira: ikigusa, unaongeza robo mzunguko, basi. Injini nayo anaifungua. Yule mnunuzi nimemwambia atafute jingine. Gari ni lako ukilitaka, na ukitaka lichomwe moto, nitalichoma.

Jana niliwaita shangazi na baba mdogo, nikauweka uzi mezani, nikasema yote, la baba na langu. Shangazi alilia. Baba mdogo akasimama: "Unamchafua marehemu?" Nikamjibu kwamba marehemu namwombea, niliyemchafua ni aliye hai. Akatoka bila kuaga. Najua atakwenda kuwasimulia wengine, na ndivyo ninavyotaka.

Shangazi anakusalimu, anaomba asikie sauti yako japo dakika moja. Msalimie wifi. Wabusu wanangu, na wakifikia umri wa kuelewa, waambie baba yao hakumuua bibi yao. Waambie shangazi yao ndiye aliyesema hivyo, kwa mkono wake, na jina la babu yao lisifichwe.

Mungu akulinde, na akurudishie usingizi tuliokunyima.

Wako akupendaye,
dada yako, niliyechelewa miaka kumi na moja.