Kupe Anaruka Jumanne

Kwa Dada yangu mpendwa,

Leo saa tatu asubuhi mkuu wa urushaji ametangaza, mbele ya mafundi wote na waandishi wa habari wanne, kwamba roketi itaruka Jumanne tarehe kumi na nne, saa tano na dakika ishirini mchana. Nimeona nikuandikie kabla hujaisikia redioni.

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe, shemeji na watoto, na kwamba goti lako limeikubali dawa. Mimi sijambo. Kikohozi kimekwisha na nimenenepa kidogo. Kofia ya sufu uliyonifumia naivaa nikiwa nje tu. Ndani hairuhusiwi, maana uzi mmoja ukidondoka kazi inasimama.

Uliniuliza kuhusu chumba changu, kama uweke humo meza ya kukatia vitambaa au ukiache kilivyo. Nitajibu, lakini mwishoni, kwa sababu jibu lina mkia.

Kwanza watoto, waliotaka kujua setilaiti yetu inapandaje. Ni ndogo, sawa na cherehani yako ikiwa ndani ya kasha lake, kilo kumi na mbili na nusu. Kazi yake ni kupima unyevu wa udongo. Haina roketi yake. Imefungwa kwa vibano vinne ubavuni mwa setilaiti kubwa ya watu wengine, yenye ukubwa wa basi dogo. Kubwa ikishafika juu na kutulia, vibano vinaachia, springi inaisukuma ndogo, na kila moja inashika njia yake. Waambie ni kama ulivyokuwa ukinibeba mgongoni kwenda sokoni, ila wewe hukuwahi kuniachia.

Wenye setilaiti kubwa wanaiita yetu Kupe. Fundi wao mmoja, mnene mwenye sauti ya kengele, hutuuliza kila asubuhi kama Kupe amekunywa chai. Fundi mwenzangu humjibu kwamba bado, anasubiri ng'ombe aamke. Tumelizoea jina, hata kuna aliyeliandika kwenye karatasi za ukaguzi, zikabidi zichapwe upya.

Kupe hapangi safari. Ng'ombe akichelewa, naye anachelewa. Lakini ng'ombe hamsubiri Kupe. Siku ya kufunga ikifika na ndogo haiko tayari, mahali pake hufungwa kipande cha alumini chenye uzito uleule, kwa kuwa hesabu za roketi zimeshapigwa kwa uzito wa mzigo wote, nao hauwezi kupunguzwa. Sisi tunakiita jiwe. Jiwe letu limekaa rafuni miaka miwili na hufutwa vumbi kila Ijumaa. Likipelekwa, linafika kulekule, linazunguka vilevile, na halifanyi lolote.

Siku yetu ya kufunga ilikuwa Jumanne ile ya Machi mwaka jana. Unaijua. Mama alifariki Jumatatu jioni, mazishi yakapangwa Jumatano. Ulinipigia mara kumi na moja. Nilikuwa kazini tangu Jumatatu jioni, na simu yangu ilikuwa kwenye kabati la nje, kama sheria inavyotaka. Ndipo ukapiga ofisini. Jioni nilikuambia kwamba mkuu wangu amenikatalia ruhusa, nawe ukaniamini. Alipokupigia kukupa pole, ukamwambia kwamba mtu wa aina yake hakuzaliwa, aliokotwa. Tangu hapo barua zako humwita Muokotwa.

Wiki tatu baada ya kufunga, bawa la umeme wa jua la setilaiti kubwa likakutwa na ufa. Kazi ikaahirishwa mwezi mmoja, kisha mitatu, kisha wakaacha kutaja miezi. Kupe amekaa miezi kumi na minne chini ya karatasi ya plastiki, nami nimempita kila siku nikienda kwenye meza yangu. Jumanne ile ingeweza kuwa Jumanne yoyote.

Leo baada ya tangazo mkuu wangu, huyo Muokotwa wako, aliniita. Anastaafu mwisho wa mwezi. Aliniuliza kama dada yangu bado amekasirika, akasema kwamba angependa kustaafu akiwa amezaliwa kama watu wengine. Alicheka. Mimi sikuweza.

Basi mkia ndio huu, Dada. Hakunikatalia. Alikuja mwenyewe akagonga kioo cha chumba cha kazi, akanitoa nje, akaniambia habari ya Mama huku amenishika bega. Akasema nivue ovaroli, gari liko getini, kiti cha ndege ya saa nane kimeshapatikana. Fundi mwenzangu angefunga vibano. Alikuwa amefanya mazoezi sawa na mimi. Nikaomba dakika kumi. Nikarudi ndani, nikachukua spana, nikafunga kibano cha kwanza. Kabla ya cha pili nikamtuma mtu akamwambie dereva aende zake.

Nilikuwa nimekitengeneza chombo kile miaka sita, na sikutaka kifungwe na mikono mingine. Nikajiambia kwamba Mama ameshakwenda, hanisubiri tena. Wewe ulikuwa unanisubiri. Hilo sikulitia kwenye hesabu.

Baadaye uliniandikia kwamba siku ya mazishi, kwenye kiti changu garini alikaa mtoto wa shangazi, ambaye hakujua hata Mama alikuwa akilala upande gani wa kitanda. Barua hiyo niliisoma nimesimama mbele ya rafu ya jiwe. Nimeisoma mara nyingi tangu siku hiyo.

Mkuu alipokea maneno yako bila kunitaja. Aliniambia tu kwamba dada yangu ana ulimi wa wembe, na kwamba ana haki nao. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ukiona vyema, mpigie kabla hajaondoka.

Nyumbani ninatamani mambo madogo. Mlio wa cherehani ukipita ukutani. Kikombe changu kisicho na mkono. Namna ulivyokuwa ukiniita kula kwa kugonga ukuta kwa mkasi mara mbili, nami nikigonga mara moja kuonyesha nimesikia. Hapa niliwahi kugonga ukuta hivyo bila kufikiri. Jirani akaja kuuliza kama nimezidiwa.

Kuhusu chumba, weka meza yako. Nitalala utakaponionyesha, na ukiona nisilale kwako kabisa, nitajua nikifika.

Msalimie shemeji, na watoto kila mmoja kwa jina lake, mkubwa asimsemee mdogo. Kaburini usipeleke salamu zangu. Hizo nitazifikisha mwenyewe.

Vibano vitaachia Jumanne saa sita na dakika mbili, na mlio wa kwanza wa redio ya Kupe tunautarajia saa saba kasorobo. Akilia au akinyamaza, sitaongeza hata siku moja. Ndege yangu inaondoka Ijumaa. Jumamosi tarehe kumi na nane, saa nne asubuhi, nitakuwa mlangoni kwako. Nitagonga mara mbili.

Mimi, mdogo wako uliyembeba.