Cheti cha Kupigiwa Picha

Donholm, Nairobi
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa dada Nyawira,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi ndugu yako Naftaly, na kutoka kwa mke wangu, ambaye ameketi hapa kando akichambua majani ya sukuma na kunisahihisha. Lodwar mnaendeleaje na hilo jua? Goti la shemeji Muriuki limekubali dawa, au bado anapanda ngazi kama ng'ombe anayepandishwa lori? Sisi tu wazima. Mungu ametuhifadhi, ingawa maji ya mfereji yamekuwa mgeni mtaani. Yakija yanakuja Jumanne, tena yana rangi ya chai.

Barua yako niliipata. Nimekaa nayo wiki mbili kwa sababu kila nikishika kalamu hasira inanipanda. Uliniuliza, kwa upole wako, kama ni kweli asemavyo binamu yetu Mureithi huko Karatina, kwamba Nduta alifeli masomo ya ng'ambo na ndiyo maana anakata nyama na baba yake. Dada, si kweli. Binti yangu alihitimu udaktari wa mifugo, miaka mitano, kwa lugha ambayo alianza kujifunza akiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Nitakueleza yaliyotokea, nawe umweleze Mureithi, maana mimi nikimpigia simu nitatenda dhambi.

Unakumbuka Nduta alikwenda kwa ufadhili wa makubaliano ya serikali mbili. Ofisi ya huku na ofisi ya kule zilitia sahihi kwamba shahada za upande mmoja zitatambuliwa upande wa pili. Sasa, ili mtu aandikishwe kuwa daktari wa mifugo hapa, lazima awe na cheti cha kuonyesha kwamba shahada yake ya nje imetambuliwa. Nduta alirudi mwaka wa 2022 akapeleka karatasi zake wiki iyo hiyo. Ofisi yetu ikasema inangoja wenzao wathibitishe. Akawaandikia wenzao, wakajibu kwamba wao hushughulikia tu maombi yaliyojazwa kwenye fomu ya pamoja. Akarudi kwa wetu kuomba hiyo fomu. Haikuwapo! Ofisi hizo mbili zilikuwa bado zinabishana nembo ya nani ikae juu.

Nembo, dada. Mtoto wa watu amekaa nyumbani kwa sababu ya nembo.

Alikwenda ofisi ya huku mara kumi na moja. Kila mara alikutana na karani yuleyule, Sydney, kijana wa tai nyembamba, na kila mara jibu likawa, "Tunashughulikia." Miaka mitatu akawa nami buchani kwangu, soko la Burma, akipima nyama na kuosha matumbo. Wateja walishajua habari zake. "Daktari, niongezee mafuta," wanamwambia, na yeye hucheka nao. Mimi nilikuwa nageuka upande nikijifanya nanoa kisu.

Mwezi uliopita Walter, mpishi wa sherehe ambaye hununua nyama kwangu, aliniomba nimchomee mbuzi wanane kwenye bustani ya hoteli moja. Sikuuliza sherehe ni ya nani. Tulipofika, mimi na Nduta, tukakuta kitambaa kipana kimetundikwa: miaka kumi ya ushirikiano wa ofisi zilezile mbili. Nilitamani kuwashia moto kile kitambaa. Nduta alikisoma, akafunga aproni, akaniambia, "Baba, makaa yanaisha."

Wakahutubu. Mkubwa wa ofisi yetu akasema kwamba siku hizi shahada ya Mkenya inavuka mpaka bila kubisha hodi. Wageni wakapiga makofi, mafuta ya mbavu nilizochoma mimi yakiwatiririka vidoleni. Nimeosha matumbo ya mbuzi tangu nikiwa kijana wa miaka kumi na sita na sijawahi kuona kinyaa. Siku hiyo nilikiona. Ilibidi niende nyuma ya jiko niteme mate.

Kumbe kwenye ratiba kulikuwa na kumkabidhi mhitimu mmoja cheti mbele ya waandishi wa habari, na mhitimu aliyealikwa hakuwa ametokea. Sydney alikuwa anazunguka na simu sikioni, jasho likimtoka. Alipopita kwenye meza yetu, akamtazama Nduta, akasimama.

"Wewe si yule wa mifugo?"

"Ndiye mimi."

"Vua hiyo aproni. Haraka."

Cheti kilikuwa tayari, kimeshapigwa mihuri na kutiwa sahihi za wakubwa wote wawili. Kilikosa jina tu; hata la yule aliyealikwa hawakuwa wameliandika. Wakakitoa kwenye fremu, Sydney akaazima kalamu yangu ya risiti, akaandika jina la Nduta na shahada yake palepale kwenye meza ya nyama, kisha wakakirudisha ndani. Dakika kumi, dada, hazikufika hata kumi. Mkubwa wa ofisi ya kule akamsemesha Nduta kwa lugha yao. Alipojibiwa bila kigugumizi alifurahi kama mtu aliyeona kasuku. Na Nduta akasimama katikati yao, ananuka moshi, akatabasamu.

Nikuambie ukweli, hata yeye alinichukiza. Nilimwita kwa sauti, "Nduta, rudi hapa!" Hakugeuka.

Picha zilipokwisha, Sydney alimfuata mkono umenyooshwa. "Madam, hicho nipe nirudishe ofisini. Hicho ni cha picha tu. Chenyewe kitafuata."

"Kina jina langu," Nduta akasema. "Kina sahihi za wakubwa wako wawili. Kama si changu, ni cha nani?"

"Usiniletee shida, tafadhali."

"Basi twende tukawaulize. Wale pale, bado wanakula."

Sydney hakuthubutu. Nduta akakifunga cheti ndani ya aproni, akaingia kwenye pikapu, akakikalia mpaka nilipomaliza kuchoma mbuzi wa mwisho.

Njiani nilimuuliza aliwezaje kuwachekea watu wale. Akasema, "Baba, ningewanunia ningerudi na nini?" Nilipofika nyumbani nilimwomba msamaha, na wewe unajua mimi si mwepesi wa hilo.

Kesho yake picha ikatoka gazetini, jina lake chini. Alipeleka cheti na gazeti kule wanakoandikisha madaktari wa mifugo. Mama aliyempokea akaipigia simu ile ofisi kuulizia kama cheti ni halali. Wangesemaje, na mkubwa wao yuko pichani amekishika? Wakakubali. Ameshaandikishwa, dada, na Julai anaanza kazi Isiolo. Hayo ndiyo umwambie Mureithi, tena polepole, ayasikie yote.

Mke wangu anasema nishukuru. Nashukuru. Lakini kinyaa bado kimenikaa kooni. Fomu ya pamoja mpaka leo haipo, na Nduta anasema aliona kabati zima la mafaili ya watu kama yeye.

Mmoja wao anaitwa Kadar, wa Kiamaiko, aliyesomea uhandisi wa maji chuo kimoja na Nduta. Jana alikuja buchani amevaa shati jeupe, bahasha ya karatasi zake kwapani. Alimpongeza Nduta kwa moyo safi. Kisha akanivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua sherehe nyingine itakuwa lini, na kama siku hiyo nitahitaji mtu wa kunisaidia kuchoma.

Nisalimie Muriuki, na mwanao Eve na watoto wake. Mwenyezi Mungu awape mvua ya kutosha na afya ya kuifurahia.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira,

Naftaly