Plagini ya Kuziba Nyufa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, shemeji na wanangu wawili, na kwamba mgongo wako umeacha visa vyake. Mimi sijambo. Nalala, nakula bila kulazimishwa. Karibu wiki mbili sikuwa hivyo, nawe unajua.

Nianze na lililo kubwa: plagini imerudi. Nasema kile kiprogramu cha kuziba nyufa za picha kuukuu, ninachokipachika ndani ya programu ya kuhariri picha, kilichopotea mfumo wa kompyuta uliposasishwa. Aliyekitengeneza aliacha kazi hiyo zamani, toleo jipya hakuna, na mimi bila hicho ni mpiga picha za pasipoti tu. Wakati huo mwalimu mmoja mstaafu alikuwa ameniachia picha pekee aliyonayo ya mama yake, imepasuka vipande vinne, akiitaka kabla hajafanyiwa upasuaji wa macho. Nikajaribu kuchora mashavu kwa mkono. Yakatoka kama ya mtu anayeumwa jino. Fundi wa jirani alikuja, akaguna, akasema hiyo plagini nikaizike.

Basi Jumamosi nani anabisha hodi studio? Mumeo. Shemeji yuleyule niliyekulalamikia kwenye simu kwamba alipita kuchapisha barua zake, akachokonoa mashine yangu, akaniharibia kazi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ulishaniambia kwamba tangu simu ile hamzungumzi ila habari za watoto, na kwamba ulimgombeza mbele yao. Alisema amekuja kurekebisha alichoharibu, kama kweli alikiharibu. Akavuta kiti.

Kwanza alifungua orodha ya vilivyosasishwa, pamoja na tarehe zake. Akaitazama, akaifunga. Kisha akahamisha faili la plagini kutoka folda ya zamani hadi folda mpya ya programu ya picha. Ikaonekana kwenye menyu, lakini ikagoma kufunguka. Hakukata tamaa. Aliingia kwenye maelezo ya programu yenyewe, akaweka tiki mahali pa kuifungua kwa mtindo wa zamani, akaizima, akaiwasha tena. Dada, nyufa za shavu la yule mama zilizibika moja baada ya nyingine, nami nikalia bila aibu. Mwalimu ameshaichukua picha. Aliisogeza karibu na pua, akasema hata kidoti cha kidevuni kipo.

Wakati wa kuondoka, shemeji aliniambia nikueleze kwamba mashine ilijisasisha yenyewe, maana zipo zinazofanya hivyo, yaishe.

Haikujisasisha. Yeye alipita Jumapili, na orodha ilisema Jumatatu asubuhi. Ni mimi. Ujumbe wa kompyuta kuomba isasishwe ulikuwa umenikera wiki nzima, nikabonyeza ndiyo ili ukome, nikaenda kuanika nguo. Niliporudi nikaona nilichofanya, nikaogopa, nikakupigia simu na kumsingizia yeye. Mimi nilijua tangu siku ile, dada. Yeye amejua tangu Jumamosi, akanyamaza, akanitengenezea.

Nisamehe. Yeye nitamwomba radhi mwenyewe, uso kwa uso, Jumapili hii nikija. Wasalimu wote hapo nyumbani. Lakini barua hii usiifiche. Waite yeye na watoto, wasomee yote, mpaka jina langu.

Mdogo wako,
Mama Picha