Maji Katika Kofia

Kisiwani, 20 Aprili

Dada Fortunata,

Shikamoo. Huku baridi imeanza kuingia. Viazi vimevunwa, kondoo wako wazima, nami bado nanakili majina katika ofisi ya kijiji. Jioni nakula peke yangu.

Jumapili nilikwenda kumposa Eufrasia. Desturi yetu unaijua: mwanamume hupeleka kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe, na baba wa binti huijaza maji mbele ya watu kuona kama inavuja. Halikudondoka hata tone moja.

Mzee Hermógenes, baba yake Eufrasia, akaigeuzageuza, akacheka. "Karani, hebu lete vidole nione. Laini kama vya kichanga! Kofia hii ni kazi ya mkono wa marehemu baba yako. Nimefuma naye miaka arobaini, unidanganye mimi?"

Wanaume wote wakaangua kicheko. Ni kweli, dada, niliitoa sandukuni mwa Baba.

"Lete yako kabla Mei haijaisha," akasema mzee. "La sivyo, wachumba wapo."

Eufrasia alinisindikiza hadi mlangoni. "Anselmo, si ungeleta hata inayovuja?"

Tangu siku hiyo nimefuma na kufumua mara nne, na maji bado yanapita. Wewe ulikuwa ukikaa na Baba akifuma. Aliubanaje uzi pale utosini? Niandikie upesi, tafadhali. Hapa siwezi kumwuliza mwanamume yeyote, maana wote walikuwepo. Na Baba alipotaka kunifundisha, nilimwambia nina mtihani.

Mdogo wako,
Anselmo