Mtendaji Hakutoka

Jumanne usiku, Samuye

Hakutoka. Nilimweleza mtendaji wa kijiji kwa upole kwamba mahojiano yangu ya shahada ya uzamili ni ya faragha, akacheka. "Mgeni wangu nimwache peke yake? Watu wataniona sina adabu." Akavuta kiti, akaketi katikati yangu na Mama Kulwa, mwenye nyumba.

Utafiti wangu unauliza kama wananchi wanasikilizwa kwenye mkutano wa kijiji. Nilipomuuliza Mama Kulwa, alijibu mtendaji. Kila swali.

Mara moja tu simu yake iliita, akatoka nje. Mama Kulwa akanisogelea. "Mwanangu, kile kisima cha kijiji, mkutanoni sisi tulikataa kichimbwe pale. Tulisema..."

Mtendaji akarudi. "Endelea, mama, usiogope."

"Nilikuwa namwambia mvua zimechelewa."

Nikaandika mvua. Ningefanya nini? Mtendaji ni mkubwa kwa umri kuliko baba yangu, na bila yeye hakuna nyumba itakayonikaribisha. Msimamizi wangu chuoni anataka sura ya matokeo mwisho wa mwezi, na sauti zote nilizorekodi ni za mtu mmoja.

Nilipoaga nilimshukuru mtendaji, kwa heshima zote. Akasema kesho atanipitia mapema, tumalizie nyumba zilizobaki.