Hapakuwa na Ng'ombe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Naandika kwenye daftari la hisabati la binti yangu Celina. Kalitupa na kurasa nyingi zimebaki. Alistidia, mke wangu, yuko kwenye kibanja, shambani kwetu kwenye migomba, hatarudi kabla ya saa sita. Sina wa kumwambia, basi naandika.

Jana mchana tulimtoa mama mwenye uchungu kijijini Kishanda, kumpeleka hospitali. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Mimi naendesha gari la wagonjwa, Agnetha muuguzi yuko nyuma na mgonjwa. Tunashuka kilima, barabara imelowa. Mara ng'ombe katikati ya njia. Mweusi, pembe ndefu, amenigeuzia ubavu. Nikakanyaga breki mpaka mwisho. Gari likayumba, likasimama kwenye ukingo wa mtaro. Nyuma nikasikia kishindo, na yule mama akilia.

Agnetha alikuwa ameangukia mtungi wa oksijeni. Akafungua kidirisha cha kati, kashika mkono wake ulioumia. Akauliza kuna nini. Nikasema ng'ombe. Akatazama mbele. Na mimi nikatazama.

Hapakuwa na ng'ombe. Migomba kulia, migomba kushoto, njia tupu mpaka chini bondeni.

Mama alipasuliwa, akajifungua salama. Mtoto wa kiume. Agnetha kifundo cha mkono kimeteguka, wamemfunga bandeji.

Mimi sikuwa nimelala tangu Ijumaa. Na tangu asubuhi ya jana nilikuwa natafuna mirungi. Hili sijawahi kuliandika popote. Natafuna mirungi — mwaka wa sita sasa.

Ilianza Joackim, dereva mwenzangu, alipovunjika mguu, nikabaki peke yangu na gari la wagonjwa miezi miwili. Mtu akanipa majani, akasema haya yatakushika macho. Yakanishika kweli. Sasa bila hayo siinuki kitandani. Alistidia anajua natafuna kahawa tu. Akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, haikosekani mfukoni mwangu, kama mfukoni mwa Mhaya yeyote. Nani atauliza kwa nini taya langu linacheza?


Jumanne, 4 Machi

Agnetha kanifuata leo nikiosha gari. Hakuzunguka.

"Baba Celina, kwenye ripoti nimeandika ng'ombe alikatiza barabara."

Nikasema ahsante.

"Usinishukuru. Mara ya pili sitaandika ng'ombe."

Kisha akaniambia, sauti ya chini, kwamba Bukoba kuna kliniki ya watu waliozoea vitu hivi. Hulazwi. Unakwenda, unaongea nao, unarudi kwako. Shemeji yake alikwenda. Nilimwuliza vitu gani. Akachukua ndoo yake akaondoka.

Kumbe anajua. Tangu lini?


Jumatano, 5 Machi. Majivu

Tumepakwa majivu wote watatu. Njiani kurudi Celina kasema Kwaresima hii anaacha biskuti. Alistidia anaacha sukari kwenye chai. Wakanigeukia mimi. Nikasema naacha kahawa ya kutafuna. Celina akacheka, akasema baba hutaweza.

Moyoni nilikuwa nimesema neno jingine. Nimeacha. Kuanzia leo, mwenyewe, bila kliniki ya mtu. Mtu mzima wa miaka arobaini na mbili atashindwa na majani?


Jumamosi, 8 Machi

Nimeshindwa na majani.

Alhamisi nililala muda wa saa kumi na tano. Ijumaa asubuhi nimekaa kwenye kiti cha madereva pale kituo cha afya, simu mkononi. Ikaita, sikusikia. Joackim hakuwa zamu, alipita tu kuchukua koti lake, ndiye aliyenitikisa. Mtoto alikuwa ametundikiwa maji, degedege, anasubiri gari. Dakika ishirini wananitafuta na mimi niko hatua thelathini kutoka mlangoni kwao.

Joackim akaendesha yeye. Mimi nikasema nina malaria. Akasema pole.

Mtoto anaendelea vizuri. Nimeuliza mara tatu.

Jana hiyohiyo mchana nilitafuna. Ndani ya nusu saa nikawa mtu tena. Nikaosha gari, nikafunga taa ya nyuma iliyolegea, nikamchekesha mhudumu wa mapokezi. Hapo ndipo ninapoogopa. Nikiwa nayo naona ng'ombe. Nikiwa sina, nalala usingizi wa mfu. Dereva yupi ni nafuu?


Alhamisi, 13 Machi

Nilikuwa na mapumziko. Nikamwambia Alistidia naenda Bukoba kuulizia vipuri vya gari la kituo. Uongo umenitoka laini kama ndizi iliyoiva.

Kliniki ni jengo dogo nyuma ya maabara ya hospitali. Mlango wa kijani, benchi nje, watu wanne. Kijana mmoja anatikisa goti. Mama mmoja kaja na mwanawe mtu mzima, kamshika mkono kama anampeleka darasa la kwanza. Nikakaa pembeni. Nikajisemea nitahesabu mpaka kumi niingie.

Sikufika kumi. Mhudumu wa mapokezi ya wagonjwa wa dharura akapita. Ananijua. Miaka yote hii namletea wagonjwa.

"Apolinary! Umetuletea nani leo?"

Ulimi ukasema wenyewe: nimeleta mtu, yuko ndani. Akasema Mungu akubariki, nyie madereva mna kazi kubwa. Akaenda. Nikainuka na mimi nikaenda.

Miguu ikanipeleka Rwamishenye. Kwa Avit. Tulisoma naye shule ya msingi. Mbele anauza soda na vocha, nyuma ana jokofu. Sikuomba. Aliniona uso wangu tu, akaenda nyuma, akarudi na kifungu kimeviringishwa kwenye jani la mgomba. Chukua, ndugu yangu, siku nyingine utanipa.

Nikachukua.


Ijumaa, 14 Machi

Zamu. Safari mbili, zote salama. Agnetha alikaa nyuma. Kila nikikanyaga breki kidogo naona kwenye kioo anashika chuma cha machela kwa mkono ule mzima.


Jumatatu, 17 Machi

Nimeingia.

Asubuhi nilitafuna ili nipate ujasiri wa kwenda kusema natafuna. Mambo ya aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sikukaa kwenye benchi. Nilipita moja kwa moja nikagonga.

Ndani ni Sista Kokugonza. Mama wa makamo, miwani, sweta la bluu. Kaniuliza kwa Kiswahili, nikajibu kwa Kiswahili. Alipofika kwenye usingizi akahamia Kihaya, na mimi nikashindwa kudanganya. Kwa Kiswahili ningeweza. Kwa Kihaya ni kama kumdanganya mama yangu jikoni.

Tangu lini. Kiasi gani. Umelala saa ngapi wiki hii. Umewahi kuona au kusikia kitu ambacho wenzako hawakukiona?

Nikamweleza ng'ombe. Hakushtuka. Akaandika. Akauliza alikuwa wa rangi gani. Nikasema mweusi. Akaandika na hilo.

Kisha akaniambia bila kupamba. Dawa ya kumeza ya kufuta hamu ya mirungi hana. Ana mazungumzo, ana daktari wa kunitazama usingizi na hasira, ana wenzangu wanane wanaokutana Jumatatu na Ijumaa. Natibiwa nikitokea nyumbani. Nije na mtu mmoja wa kwangu. Wiki za kwanza nitalala sana, nitachukia kila kitu, nitaota ndoto mbaya. Vitapungua.

"Na wiki hizo usiendeshe."

Nikamwambia Sista, mimi ni dereva.

"Ndiyo maana nimekwambia."

Nikasema tuko madereva wawili tu na gari ni moja. Akasema anaelewa. Akaniandikia barua kwa mganga mfawidhi wa kituo chetu: yuko kwenye matibabu, apewe kazi isiyo ya kuendesha kwa wiki nne. Ugonjwa hakuutaja. Akasema huo ni wangu kuutaja au kutoutaja. Niamue kabla ya Ijumaa. Nikija, niwe nimekwisha kuikabidhi hiyo barua.

"Nisipokuja?"

Akavua miwani. "Usipokuja sitakufuata, waitu, ndugu yangu. Lakini utakuwa unaendesha, na mimi nitakuwa najua."

Mabaki yaliyokuwa mfukoni niliyatupa chooni palepale. Sijui nitasema nini kesho.


Jumanne, 18 Machi

Nimemwambia Alistidia. Alikuwa anamenya ndizi, nami nimekaa kwenye kigoda mbele yake. Nilidhani atalia, au atauliza mirungi ni nini. Hakuuliza. Aliendelea kumenya ndizi tatu, nne.

"Januari," akasema. "Celina alipokuwa na homa ile. Ulitubeba wewe kwenye gari."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umetafuna?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Nakumbuka sana. Celina alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, nami nikaona nimefanya vizuri kutafuna, ili niwe macho kwa ajili ya mwanangu.

"Nilikuwa nimetafuna."

Akaweka kisu chini. Akatoka. Nikamsikia nyuma ya nyumba anakata majani makavu ya migomba, moja baada ya jingine, hata yale ambayo hayajakauka. Ndizi zilizomenywa zikaanza kuwa nyeusi kwenye beseni. Nikazimwagia maji.

Alirudi jioni. Akapika. Tulipokwisha kula, Celina akiwa nje, akasema bila kunitazama: Ijumaa nitakwenda na wewe. Nina maswali yangu kwa huyo mama. Usidhani nimekusamehe.

Nikasema sijadhani.


Jumatano, 19 Machi

Barua bado ninayo. Nilikwenda nayo kituoni, Dokta Kyaruzi, mganga mfawidhi wetu, yuko Muleba mjini kwenye kikao. Nilishukuru. Ndiyo, nilishukuru kama mwanafunzi ambaye mwalimu hakuja.

Joackim alikuwa zamu. Lakini ameaga: baba yake mdogo amefariki, anakwenda kuzika, atarudi Jumamosi. Kesho ni mimi peke yangu.

Siku ya pili bila. Kichwa kizito kama gunia la kahawa mbichi. Nimemfokea Celina kwa ajili ya kijiko. Kijiko! Akaenda kukaa kwa bibi yake.


Alhamisi, 20 Machi

Saa nne na robo asubuhi. Niko kwenye benchi nje ya chumba cha Dokta. Bora kuandika kuliko kukaa hivi.

Nilifika saa moja na nusu, barua mfukoni. Dokta alikuwa anazunguka wodini. Nikakaa hapa kumsubiri, nikalala. Nimekaa wima, mgongo ukutani, nikaota naendesha. Nikaamka kwa kusukumwa bega.

Agnetha. Kuna mama amejifungua alfajiri, damu haikatiki, anapelekwa sasa hivi. Gari.

Nikasimama. Hapo stendi ya bodaboda kuna mtu mwenye mirungi. Ni dakika tano kwenda na kurudi. Konzi moja tu, nafika hospitali macho makavu, barua naikabidhi nikirudi. Akili yangu ilipanga yote hayo kabla sijafunga vifungo vya koti. Ilipanga vizuri sana. Agnetha alikuwa ananitazama, nadhani alisoma kila neno.

Hakusema kitu. Angesema, labda ningekwenda.

Dokta akatoka wodini anavua glavu. "Apolinary, bado uko hapa?"

Nikamwambia. Kwenye korido, mbele ya Agnetha, mbele ya mume wa yule mama aliyeshika beseni na kanga.

"Dokta, siwezi kuendesha. Natafuna mirungi, miaka sita. Nimeacha tangu Jumatatu. Nikishika usukani nitalala, nikitafuna nitaona visivyokuwepo. Siku ile hapakuwa na ng'ombe."

Nikampa barua. Hakuifungua. Alimtazama Agnetha, na Agnetha akainamisha kichwa, na hapo nikajua nimemchongea na yeye. Ile ripoti. Sikuifikiria ile ripoti.

"Joackim?"

"Yuko msibani."

Mume wa yule mama akawa anatutazama mmoja mmoja. Hakuelewa, au alielewa. Akasema tu, "Waitu, mke wangu."

Dokta akanyoosha mkono. "Funguo." Nikampa. Akasema mengine tutaongea akirudi, mimi na yeye na Agnetha. Nilibeba machela upande wa kichwa. Yule mama midomo ilikuwa imepauka, lakini alifumbua macho akaniambia ahsante. Agnetha akaingia naye, nikafunga mlango wa nyuma. Dokta akawasha, gia ikalia, kisha wakapanda kilima.

Imetimia saa moja na nusu tangu waondoke. Simu ya Agnetha inaita, haipokelewi. Alistidia nimemtumia ujumbe: nimesema. Amejibu neno moja: Yote? Nimemjibu ndiyo.

Benchi limejaa. Kuna mtoto anakohoa, kuna mzee wa Kishanda kafunga mguu kwa kitambaa. Muuguzi aliyebaki ni mmoja na yuko kwenye chumba cha kujifungulia. Wananiuliza mimi, kwa kuwa nimevaa koti la kituo. Dokta yuko wapi? Nimewaambia ameendesha gari kupeleka mgonjwa.

Yule mzee akafikiri kidogo. Akauliza: kwani dereva yuko wapi?

Nimemwambia ni mimi. Naumwa.

Akasema pole, akavuta mguu wake nipate nafasi. Sasa ananiuliza naumwa nini.